Karatasi Hupinda Upande Mmoja: Kuunda Vyombo vya Bunilizi za Kisayansi

Chukua karatasi uizungushe kwenye chupa. Italala vizuri, imeshika mwili wa chupa bila kunyanzi hata moja. Sasa ifunike karatasi hiyohiyo kwenye chungwa. Itakataa. Pembeni yatajaa makunyanzi, na ukilazimisha itachanika. Karatasi hupinda upande mmoja tu kwa wakati. Ikishapinda upande huo, upande wa pili hubaki umenyooka kama rula. Karibu kila jambo katika kuunda magari na vyombo vya anga vya kubuni kwa karatasi linatokana na tabia hii: chombo gani uchague, mshono upite wapi, mbavu zikae umbali gani, na kwa nini kipande cha mwisho kinagoma kufunga.

Vyombo vya bunilizi za kisayansi vina bahati hapa. Mafundi wa sinema wa miaka ya 1970 walikuwa wakibandika vipande vya plastiki vya vifaru, meli na ndege za kuchezea kwenye miili ya mbao na plastiki ili chombo kionekane kikubwa na chenye kazi nyingi. Mtindo huo umebaki: miili ya masanduku, mabomba, sahani zilizopachikwa juu ya sahani, injini za mviringo upande wa nyuma. Masanduku na mabomba ndiyo maumbo yanayoipenda karatasi. Ndege halisi ya kivita yenye pua laini kama yai ni kazi ngumu zaidi kuliko chombo cha mizigo cha kubuni chenye urefu huohuo.

Kwa hiyo anayeanza asichague kwa kuvutiwa na picha peke yake. Atazame chombo na kuuliza: ni sehemu gani bapa, ni sehemu gani ni bomba au pia (umbo la koni), na ni sehemu gani imevimba pande zote kama puto? Za kwanza mbili ni rahisi. Ya tatu inadai ujanja, na mfano wenye sehemu nyingi za aina hiyo uwekwe kando hadi mikono izoee. Gari la sayari lenye magurudumu sita na mwili wa pembe, lenye vipande 40 hadi 60 kwenye kurasa nne au tano, ni mwanzo mzuri. Michoro ya bure ya vyombo halisi vya NASA, vile vilivyorahisishwa kwa ajili ya wanafunzi, nayo hufaa sana kwa mazoezi, kwa kuwa mingi ni masanduku, sahani za antena na nguzo.

Karatasi yenyewe

Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu kwa kila mita mraba. Karatasi ya kawaida ya ofisini ni gramu 80, na unene wake ni takriban milimita 0.1. Mwili wa chombo unataka gramu 160 hadi 200, yaani unene wa milimita 0.2 hadi 0.25. Ukipanda zaidi ya gramu 220, mikunjo midogo huanza kupasuka na mabomba membamba hayakubali kuzungushwa. Ukishuka hadi gramu 80, kuta hubonyea kwa kushikwa tu. Lakini gramu 80 usiitupe: sehemu zote ndogo kuliko milimita 6, kama mabomba ya silaha, vishikizo na fremu za madirisha, hutoka vizuri zaidi kwa karatasi nyembamba. Kosa linaloharibu mifano mingi ni kuchapa kurasa zote kwenye karatasi moja nzito, kisha kupambana na kijisanduku cha milimita 4 ambacho kuta zake ni nene mno kukunjika vizuri.

Karatasi ina mlalo wa nyuzi, na hili halionekani kwa macho. Shika karatasi nzima, ipinde polepole bila kuikunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande mmoja utalegea, mwingine utakaza. Ule uliolegea unakuambia nyuzi zimelala sambamba na mhimili wa mpindo. Bomba lolote likatwe hivyo, nyuzi zikienda kwa urefu wa bomba, nalo litazunguka bila kuvunjika pembe. Ukilikata kinyume, badala ya duara utapata umbo lenye pande kumi zisizo sawa. Karatasi ya ofisini ya A4 mara nyingi ina nyuzi za urefu wa ukurasa, ila karatasi nzito haina ahadi hiyo, kwa hiyo jaribu kila pakiti mpya. Ikiwa mchoro umepanga bomba kinyume na nyuzi, chapa ukurasa huo mara ya pili, kipande hicho kikiwa kimegeuzwa nyuzi 90. Ukurasa mmoja zaidi si hasara.

Printa ya wino wa maji hutoa rangi laini zinazofuata mkunjo bila kupasuka, lakini tone la gundi au kidole chenye jasho huzivujisha. Printa ya leza haivuji, ila tona yake, yaani wino wa unga, hukaa juu ya karatasi kama ganda, na kwenye mkunjo mkali ganda hilo hupasuka na kuacha mstari mweupe. Dawa ya wino wa maji ni varnishi ya kupuliza isiyong'aa: tabaka mbili nyepesi, kabla ya kukata, kila moja ikauke kabisa kabla ya inayofuata. Tabaka moja zito hulowesha karatasi na kuipinda. Dawa ya tona ni kukunja taratibu kwenye mstari uliokwaruzwa vizuri, kisha kupitisha rangi kwenye ufa.

Kabla ya kukata chochote, pima. Printa nyingi zimewekwa zipunguze ukurasa ili uingie ndani ya pambizo, na hufanya hivyo kimyakimya. Mchoro uliotengenezwa kwa ukurasa wa Kimarekani wa milimita 216 kwa 279 ukichapwa kwenye A4 ya 210 kwa 297 ndio unaoathirika zaidi. Weka ukubwa halisi, asilimia 100, kisha pima mstari unaojulikana urefu wake kwenye kila ukurasa. Kurasa zote zikipungua kwa kiasi kimoja, si tatizo. Tatizo ni ukurasa mmoja kutoka asilimia 97 na mwingine 100: ubavu wa milimita 100 utapishana na sakafu yake kwa milimita 3, na hakuna gundi itakayoficha pengo hilo.

Skeli

Chombo cha kubuni hakina urefu halisi unaoweza kwenda kuupima, kwa hiyo skeli yake, yaani uwiano wa mfano na chombo chenyewe, hutokana na mtu. Tafuta mlango, kiti au dirisha la rubani. Mtu wa sentimita 175 anakuwa milimita 24 kwenye 1:72, milimita 36 kwenye 1:48 na milimita 73 kwenye 1:24. Chombo mama cha mita 300 kinafaa 1:1000, ambako kinakuwa sentimita 30, na mtu ni kama chembe ya mchanga. Hapo hakuna haja ya milango. Madirisha ni nukta.

Mchoro wa 1:48 ukiupunguza hadi asilimia 66.7 unapata 1:72. Inaonekana rahisi, lakini unene wa karatasi haupungui. Mfuo, yaani mwanya wa kupachikia, wa milimita 1 kwenye mbavu za kadibodi unakuwa milimita 0.67, na kadibodi yako bado ni milimita 1. Sikio la gundi, ule ukingo wa ziada unaopakwa gundi, la milimita 5 linakuwa 3.3. Tafuta kadibodi nyembamba zaidi au panua kila mfuo kwa kisu, na kwenye karatasi shuka kutoka gramu 200 hadi 160 au 120. Kupanua kutoka 1:72 hadi 1:48, asilimia 150, kuna shida nyingine: vipande havienei tena kwenye ukurasa, na kila kimoja lazima kikatwe mahali penye mstari wa sahani ili kiungo kionekane kama sehemu ya umbo.

Mkwaruzo, kukata, kukunja

Vifaa ni vichache: kisu chenye wembe wa kubadilishwa, rula ya chuma, mkeka wa kukatia, mkasi mdogo kwa mipindo mirefu, kibano chenye ncha nyembamba, kalamu ya bolpeni iliyokwisha wino, sindano za kufumia za unene tofauti na vijiti vya meno. Wembe ubadilishwe mara tu unapoanza kuburura nyuzi za karatasi badala ya kuzikata. Wembe butu hukufanya ubonyeze zaidi, na mkono unaobonyeza huteleza.

Mistari yote ya mikunjo ikwaruzwe kabla kipande hakijakatwa, wakati ukurasa bado ni mzima na rula ina pa kukaa. Bolpeni kavu hubonyeza nyuzi bila kuzikata, na mkunjo hutoka mkali. Mkunjo wa mgongo, unaoinuka kuelekea kwako, kwaruza upande uliochapwa. Mkunjo wa bonde, unaozama, karatasi ya gramu 160 itaukubali hata kutoka mbele, ila nzito zaidi hupendeza ukiukwaruza kwa nyuma. Toboa ncha mbili za mstari kwa pini, geuza karatasi, unganisha matundu kwa rula. Wapo wanaokata nusu ya unene kwa wembe badala ya kubonyeza. Kwenye karatasi ya gramu 200 njia hiyo huacha milimita 0.12 tu ya kushika mkunjo, na chombo kinachoshikwashikwa hukatikia hapo.

Kisha kata. Anza na madirisha na matundu ya ndani, umalizie na mzingo wa nje, kwa sababu kipande kilichokwisha kuachana na ukurasa ni kigumu kushika. Kwenye kona ya ndani, kata kutoka kwenye kona kwenda nje pande zote mbili, usikate kuelekea kwenye kona. Kwa njia hiyo huwezi kupitiliza. Mstari wa kukatia una unene wake pia. Amua mapema kama unakata katikati ya mstari au unauondoa wote, na usibadilishe nia katikati ya mfano. Mstari wa milimita 0.3 ukiachwa kwenye kipande kimoja na kuondolewa kwenye jirani yake ni tofauti ndogo. Mwili wenye mishono minane ya aina hiyo umekosea milimita 2.4 ukifika kwenye kipande cha mwisho.

Pembe zilizokatwa huonyesha weupe wa karatasi, na hakuna kinachosaliti mfano wa karatasi haraka kuliko mistari myeupe kwenye mwili wa kijivu. Paka rangi kila ukingo kabla ya gundi. Kalamu ya rangi hutosha kwa nyeusi na nyekundu. Kijivu ni kigumu: kijivu cha printa kina rangi ya chini, mara ubuluu, mara ukahawia, kwa hiyo changanya rangi za maji kwenye kipande cha taka hadi zilingane. Brashi iwe karibu kavu, na ipite kwenye ukingo kwa ubavu wake. Ikilowa, rangi itatambaa hadi kwenye uso uliochapwa.

Mabomba, pia na matufe

Injini ndizo zinazobeba chombo cha kubuni, na karibu zote ni bomba ndani ya bomba. Hapa hesabu ndogo huokoa saa nyingi. Urefu wa kipande cha kuzungusha ni pai mara kipenyo, lakini kipenyo kipi? Karatasi inapopinda, uso wa nje hutanuka na wa ndani hubanwa, na urefu usiobadilika uko katikati ya unene. Kwa bomba la kipenyo cha nje milimita 20 na karatasi ya 0.25, urefu ni 3.14 mara 19.75, yaani milimita 62.0. Ukitumia 20 utapata 62.8, na bomba lako halitaingia kwenye tundu lake. Bomba la pili linalokaa ndani ya hilo lina nafasi ya milimita 19.5, hivyo kipande chake kiwe 3.14 mara 19.25: milimita 60.4. Ongeza tabaka la varnishi au gundi na utaelewa kwa nini 60.2 ni salama zaidi.

Lainisha nyuzi kwanza. Weka kipande kwenye kiganja au kwenye kitambaa kilichokunjwa, uso wa rangi chini, pitisha sindano nene ya kufumia kwa kubonyeza, rudia kwa sindano nyembamba hadi karatasi ijikunje yenyewe zaidi kidogo ya unavyotaka. Ndipo uunganishe. Michoro mingi ina sikio la gundi linaloingia chini ya ukingo wa pili, na kwa bomba njia hiyo ni mbaya: mahali pa sikio pana unene mara mbili, hapapindi sawa, na bomba linapata sehemu bapa yenye ngazi. Kata sikio hilo, weka badala yake utepe wa karatasi ya gramu 80 wenye upana wa milimita 8 kwa ndani, nusu yake upande huu, nusu upande ule, ukingo ukutane na ukingo. Bandika nusu ya kwanza, iache ikauke kabisa, kisha nusu ya pili. Mshono huo ugeuzie upande usioonekana.

Pia ina kanuni moja tu ya kukariri: pembe ya sekta (kipande cha duara unachokata) ni 360 mara nusu kipenyo cha kitako, gawanya kwa urefu wa mshazari, yaani kutoka ncha hadi ukingo wa kitako. Ncha ya kitako cha nusu kipenyo milimita 10 na mshazari wa milimita 40 hukatwa kwenye sekta ya nyuzi 90. Kanuni hiyohiyo hutoa chombo cha umbo la sahani, ambacho wengi hukiogopa bure. Sahani si tufe, ni pia iliyolala. Ukitaka nusu kipenyo cha milimita 60 na mwinuko wa milimita 12 katikati, mshazari ni takriban 61.2, na pembe ni nyuzi 353. Yaani chora duara la nusu kipenyo 61.2, ondoa kabari ya nyuzi 7, unganisha. Pia mbili za namna hiyo, moja juu, moja chini, na mzunguko wa kadibodi katikati, na una sahani isiyo na kunyanzi. Kabari ndogo kiasi hiki haisamehe: ukikosea nyuzi moja, mwinuko hubadilika karibu milimita moja, na nusu ya juu haitalingana na ya chini.

Tufe ndilo jaribio la kweli. Karatasi haiwezi kulifanya, inaweza kulikaribia tu, na kuna njia mbili. Ya kwanza ni petali. Kuba la nusu kipenyo milimita 20 lenye petali 12 linahitaji kila petali iwe na urefu wa milimita 31.4 na upana wa milimita 10.5 kwenye kitako. Kila petali ipindwe kwa urefu wake, ibandikwe kwenye utepe wa ndani, na kilele kifunikwe kwa kiduara kidogo, kwa sababu ncha 12 hazikutani sawa hata kwa mikono ya dhahabu. Ya pili ni pete: pia kadhaa zilizokatwa vichwa, zikipangwa moja juu ya nyingine, kila moja ikilala zaidi ya iliyo chini yake. Pete nne zinatosha kwa kuba la ukubwa huo. Kwa vyombo vya kubuni napendelea pete, kwa kuwa mistari yake ya mlalo hufanana na viungo vya sahani za chuma, wakati mistari ya petali hukumbusha mpira wa ufukweni.

Mkuku na mataruma

Mwili unaozidi sentimita 12 unahitaji mifupa, na waunda majahazi wanayo majina yake tayari: mkuku unaokwenda kwa urefu, mataruma yanayousimamia kwa upana. Kadibodi ya milimita 1 ndiyo ya kawaida. Mkuku na mataruma hupachikana kwa mifuo, kila mmoja ukifika nusu ya kimo. Mfuo uwe sawa kabisa na unene wa kadibodi. Ukiwa mwembamba kadibodi huvimba na mkuku hupinda kama ndizi. Ukiwa mpana taruma linalegea na kuinama. Jenga mifupa juu ya kioo au ubao uliothibitishwa kuwa bapa, na gundi ikiwa bado mbichi, inama utazame kutoka nyuma kwenda mbele kwa jicho moja. Mifupa iliyojinyonga kwa nyuzi mbili itatoa mabawa yaliyojinyonga, na ngozi haiwezi kuinyoosha tena.

Mataruma lazima yawe madogo kuliko ngozi kwa unene wa karatasi pande zote, milimita 0.25 kila upande. Yakiwa makubwa, mshono wa tumbo hautakutana. Yakiwa madogo sana, au yakiwa mbali mbali kupita sentimita 4 kwenye mwili uliopinda, ngozi huzama kati yake na chombo huonekana kama mnyama aliyekosa malisho, mbavu nje. Ukingo wa taruma usipakwe gundi nyingi. Mwili wa pembe unaweza kushika kwa masikio ya ngozi yenyewe, na mataruma yakabaki kama nguzo tu zisizobandikwa. Ndivyo unavyoepuka michirizi inayoonekana kwa nje.

Kubandika mchoro kwenye kadibodi ndiko kunakopinda sehemu nyingi. Gundi nyeupe ya mbao ina maji. Maji huvimbisha nyuzi za karatasi, nazo huvimba kwa upana zaidi kuliko kwa urefu. Zinapokauka zinajikunja na kuivuta kadibodi. Tumia gundi ya mpira, ile ya mafundi viatu, ukipaka nyuso zote mbili na kusubiri ikauke kwa kugusa. Ikiwa ni gundi nyeupe tu uliyo nayo, paka nyembamba sana kwa kipande cha kadi, bandika karatasi tupu upande wa nyuma ili mvuto ulingane, kisha weka chini ya vitabu vizito kwa saa 24.

Kwingine kote, gundi nyeupe ni rafiki. Haihitaji kuwa nyingi. Tone likiwa kwenye ncha ya kijiti cha meno, litandaze hadi libaki kama unyevu tu, subiri sekunde chache, kisha shika kwa nusu dakika. Gundi inayofurika pembeni haina faida yoyote. Nguvu iko katika utando mwembamba. Gundi kali ya papo hapo iache kwa kazi moja: kugumisha kingo za magurudumu na ncha za mabawa, nayo huingia kwenye karatasi na kuigeuza kama plastiki. Ila hutia giza rangi inayogusa, basi itumie kabla ya kupaka rangi ukingo.

Ngozi ibandikwe kuanzia katikati ya mwili kwenda mbele na nyuma, ukibadilishana kushoto na kulia. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, gundi inapokauka huvuta na mwili huinama. Kipande cha mwisho kiwe tumboni, kipande bapa, kilichochapwa mara mbili ili cha pili kiwe akiba. Masikio ya kukishikilia yaachwe mwilini, yakiwa yameungwa mkono kwa nyuma na utepe wa kadibodi. Bila huo utepe, ukibonyeza kipande, sikio linazama ndani na hulipati tena.

Mapambo yanayofanya chombo kiwe kikubwa

Chombo kilichochapwa tu, hata kwa rangi nzuri, huonekana sanduku. Kinachodanganya jicho ni kivuli halisi. Chapa ukurasa wa ngozi mara ya pili kwenye karatasi ya gramu 80 au 120, kata baadhi ya sahani, zipake kingo, zibandike juu ya zile zile mwilini. Unene wa milimita 0.1 unatosha kabisa kuleta mstari wa kivuli. Usiinue kila sahani. Moja kati ya nne au tano, na ziwe na ukubwa tofauti. Zikiinuliwa zote, hakuna iliyoinuka.

Mabomba membamba yazungushwe kwenye waya na kuachwa na waya huo ndani. Karatasi ya gramu 80 yenye upana wa milimita 12, ikizungushwa kwenye waya wa milimita 0.8, hutoa bomba la takriban milimita 1.5 linaloweza kupindwa kona taratibu. Ndani ya matundu ya injini pawe peusi na pawe na kina: diski nyeusi ikikaa milimita 10 hadi 15 ndani ya bomba hushinda mchoro wowote wa moto uliochapwa. Dirisha la rubani lililochapwa libadilishwe kwa plastiki angavu ya vifungashio, ibandikwe kutoka ndani kwa gundi nyeupe. Gundi kali huacha ukungu mweupe kwenye plastiki.

Gurudumu la upana wa milimita 8 ni diski nane za kadibodi ya milimita 1. Zipange za kipenyo cha 20 na 19 kwa kupokezana na una mifereji ya tairi bila kuchonga. Toboa katikati kabla ya kukata mzingo, tumia kijiti cha meno kama ekseli wakati wa kubandika, na ukimaliza piga msasa kabla ya gundi kali. Mashine zinazotembea kwa miguu zina sharti lake: uzito uwe chini. Jaza nyayo kwa sarafu au vipande vya chuma kabla ya kuzifunga, na ndani ya kila mguu pitisha waya unaotoka kwenye unyayo hadi kwenye nyonga. Karatasi hushika umbo; waya ndio unaobeba.

Uchakavu wa safari uwekwe mkavu. Unga wa penseli uliokwaruzwa kwenye msasa, ukipakwa kwa pamba kuzunguka injini, hutoa masizi. Chaki za kahawia na nyeusi hutoa vumbi la sayari. Rangi za maji hapa zinaweza kuinua makunyanzi kwenye ngozi uliyoipigania siku nzima.

Kuchora chombo chako mwenyewe

Programu ya Pepakura Designer hukunjua umbo la 3D kuwa vipande bapa, na Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, ina nyongeza inayofanya kazi hiyohiyo. Programu haijui kwamba utakaa na wembe. Ukiipa umbo lenye nyuso 5,000 itakupa kurasa za vijipande kama confeti. Punguza kwanza umbo hadi nyuso 200 au 400, ondoa mistari inayogawa uso bapa kuwa pembetatu, na ubadilishe kila sehemu iliyovimba kuwa bomba, pia au pete. Kisha panga mishono mwenyewe: ifuate kingo kali na mistari ya sahani, isipite katikati ya uso ulio wazi. Vipande virefu vyenye mikunjo sambamba ni bora kuliko vinavyotawanyika kama matawi ya nyota. Weka sikio upande mmoja tu wa kila mshono, milimita 4 hadi 6, ncha zake zikikatwa kwa pembe ya nyuzi 45 ili zisigongane ndani ya kona.

Jenga toleo la kwanza kwa karatasi tupu ya gramu 80, bila rangi wala mapambo. Andika kwa penseli juu yake kila pengo na kila sikio linalokera, rudi kwenye programu urekebishe. Matoleo mawili au matatu ni kawaida. Amua hapohapo chombo kitasimama juu ya nini. Kama kitaelea juu ya kigingi, tafuta mahali toleo tupu linapolingana likiwekwa juu ya ukingo wa rula, na weka hapo, kati ya mataruma mawili, bomba la karatasi lililogumishwa la milimita 5, mdomo wake ukiwa sawa na ngozi ya tumbo. Bomba hilo haliwezi kuingizwa tena baada ya tumbo kufungwa.